Amefuata Nini Humu Ndani?

Msomaji akikuta mdudu asiyemjua ukutani, swali la kwanza analoniletea ni kama anauma, na la pili ni apulize dawa gani. Mara nyingi picha inayofuatana na maswali hayo ni ya mdudu aliyekwisha kupondwa kwa ndala: bawa moja, miguu miwili na doa la majimaji. Nayaheshimu maswali yote mawili. Mwenye nyumba ana watoto wanaolala humo na ana chakula jikoni; hofu yake ina msingi. Ila yote mawili yamekuja kabla ya wakati wake. Lipo swali linalotangulia, na katika kazi hii sijaona linalolishinda: huyu mdudu amefuata nini humu ndani?

Wataalamu wamekwisha kuwapa majina wadudu wa aina zipatazo milioni moja, na wale ambao bado hawajapewa ni wengi zaidi. Hakuna binadamu anayewajua wote kwa sura. Lakini nyumba si msitu. Vitu vinavyovuta wadudu ndani ya nyumba ni vichache: mwanga wa usiku, maji, nafaka na unga, nywele na nyuzi, buibui na utando wao, mbao, na damu yetu wenyewe. Ukishajua mdudu amefuata kipi kati ya hivyo, majina ya kuchagua yanabaki machache, na tiba nayo huwa imejitokeza, kwa sababu kuondoa kivutio kunasaidia kuliko kumwagia sumu aliyekwisha kuvutwa.

Chukua kiumbe anayeulizwa sana na watu wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja. Ni kifuko bapa cha kijivu chenye urefu wa kama sentimita moja, kipana katikati na chembamba ncha zote mbili, umbo la mbegu ya boga. Kimeng'ang'ania ukutani bafuni, nyuma ya kabati, au pale ukuta unapokutana na dari. Utadhani ni ganda la rangi lililobanduka, mpaka siku utakapokiona kimehama. Kitazame kwa subira. Kichwa kidogo cheusi kinachungulia upande mmoja, miguu mitatu mitatu inashika ukuta, na kifuko kizima kinaburutwa hatua moja. Ukikigusa kwa kijiti, kichwa kinazama ndani. Ukingoja kidogo, kinatokea upande wa pili. Kifuko kina milango miwili, na mwenyewe anajigeuza humo humo bila kutoka.

Huyo ni lava wa nondo mdogo wa jenasi ya Phereoeca, jamaa wa nondo wanaotoboa nguo za sufu. Kifuko amekisuka kwa hariri yake mwenyewe, akabandika kwa nje chembe za mchanga, vumbi la ukuta na vipande vya wadudu waliokufa. Hang'ati, hana sumu, hali saruji wala rangi. Chakula chake kikubwa ni utando wa buibui uliotelekezwa, akiongezea nywele na nyuzi za sufu. Anataka hewa yenye unyevu, ndiyo maana amestawi Pwani. Wenye nyumba wanampulizia dawa wiki baada ya wiki, naye anarudi, kwanza kwa kuwa kifuko kinamkinga, pili kwa kuwa meza yake haijaguswa: utando bado uko nyuma ya kabati. Ufagio wa mti mrefu kwenye pembe za dari, madirisha yakafunguliwa bafuni upepo ukapita, na ndani ya muda mfupi hana cha kula. Hapo jina la kisayansi limefuata baadaye. Kilichotatua tatizo ni kujua anakula nini.

Baada ya kivutio, tazama mwili, na anza na miguu. Mdudu wa kweli aliyekomaa ana miguu sita na mwili wa sehemu tatu: kichwa, kifua, tumbo. Buibui, nge, kupe na papasi wana minane. Ipo tofauti moja ya kukumbuka: kupe wachanga wa mbwa na ng'ombe, wakiwa wametoka tu kwenye yai, wana miguu sita. Kisha hesabu mabawa. Nzi na mbu wana mawili tu. Nyuki, nyigu, kumbikumbi na vipepeo wana manne. Mende wa mbao, fukusi, kimetameta na jamaa zao wote wa kundi la mbawakawa wana mabawa ya mbele yaliyokuwa magumu, yakafunga mgongo kama ganda na kukutana kwenye mstari ulionyooka katikati. Mwisho tazama mdomo: unatafuna, unanyonya, au umekunjwa chini ya kidevu kama sindano? Mambo haya matatu hayataki kifaa chochote zaidi ya kamera ya simu na mwanga wa kutosha, na yanamaliza zaidi ya nusu ya kazi.

Mfano mzuri wa faida ya kuhesabu mabawa ni yule anayeitwa nzi wa Nairobi. Si nzi. Ni mbawakawa wa jenasi ya Paederus, mwembamba, urefu wake milimita saba hadi kumi, kichwa cheusi, kifua cha rangi ya chungwa, tumbo la chungwa lenye ncha nyeusi. Katikati ana kibandiko cha buluu inayong'aa: ndilo ganda la mabawa, fupi mno, limeacha sehemu kubwa ya tumbo wazi. Kwa sababu hiyo watu wengi humdhania sisimizi. Anakimbia huku akiinua ncha ya tumbo juu, na wanaomwona hivyo huamini anataka kuchoma. Hana mwiba wala hang'ati mtu. Madhara yake yako ndani ya damu yake, katika sumu iitwayo pederini, na sumu hiyo haitoki mpaka umponde.

Hapa ndipo tabia yetu ya kupiga kwanza na kuuliza baadaye inapotuumiza moja kwa moja. Mtu amelala au anasoma chini ya taa, anahisi kitu kinatembea shingoni, anakipiga kofi na kukisugua. Hahisi maumivu yoyote. Siku ya pili ngozi inawaka, inakuwa nyekundu, kisha yanatoka malengelenge katika mstari ule ule ambao kiganja kilipita. Palipo na mkunjo, kama kwenye kiwiko au paja, upande mmoja wa ngozi unaupaka mwenzake sumu na vinatokea vidonda viwili vinavyotazamana. Mkono wenye majimaji ukifika jichoni, kope zinavimba mpaka jicho linafumba. Kwa kuwa saa nyingi zimepita kati ya kofi na lengelenge, mgonjwa hamkumbuki tena mdudu. Wengine huambiwa ni mkanda wa jeshi, wengine kwamba wamemwagikiwa na kemikali, na ndani ya familia huenda ukazuka mjadala wa nani kamfanyia nani nini. Mstari wa kidonda ndio unaosema ukweli: umefuata njia ya kidole.

Sasa uliza amefuata nini. Paederus anaishi kwenye udongo wenye unyevu, kandokando ya mashamba na mabonde, ambako anawinda wadudu wadogo wanaokula mazao. Mkulima ana sababu ya kumshukuru. Mvua zikinyesha sana anaongezeka mno, kama ilivyotokea Kenya baada ya mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998, na usiku anaruka kuelekea kwenye taa. Amefuata mwanga, basi. Zima taa ya barazani, vuta pazia, shusha chandarua, usiweke kitanda chini ya balbu. Akikutua mwilini mpulize aruke au mtegee karatasi apande, umtoe nje. Ukigundua kwamba umemponda, osha kwa maji na sabuni pale pale kabla hujagusa popote, na nguo uliyovaa uifue. Jambo moja ninalolipenda katika habari za mdudu huyu ni kwamba sumu si yake hasa: inatengenezwa na bakteria wanaoishi ndani ya majike, na utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha vinasaba vya kazi hiyo ni vya bakteria. Sumu tunayomlaumu mbawakawa kwayo ni ya mpangaji wake.

Taa hiyo hiyo ya barazani huleta mgeni mwingine anayeogopwa kupita kiasi. Baada ya mvua anaingia kwa kishindo mdudu wa rangi ya hudhurungi, tumbo refu nene lenye manyoya mafupi, urefu wa kama sentimita tatu, macho makubwa, mabawa manne. Anagonga balbu, anaanguka mezani, anazunguka akilikunja tumbo huku na huku kana kwamba anatafuta pa kuchoma. Wanaoniandikia humwita nyigu, wapo wanaosema ni nyuki wa msituni. Ni dume la siafu. Mwiba wa nyuki, nyigu na siafu asili yake ni kiungo cha kutagia mayai, kwa hiyo dume hawezi kuwa nao; tumbo linalokunjwa halina silaha. Amefuata mwanga akitafuta msafara wa siafu wa kundi lingine, ambamo atampata jike.

Aliyemdhania nyigu asione aibu. Carl Linnaeus, Mswidi aliyetuwekea utaratibu wa majina ya kisayansi tunaoutumia mpaka leo, alipompa jina dume la siafu kutoka kusini mwa Afrika mwaka 1764, alimweka kwenye jenasi ya nyigu. Alikuwa na mwili mkavu uliochomwa kwa pini, bila habari ya mahali alipokamatwa wala alichokuwa akifanya. Siafu vibarua ni wadogo, vipofu, hawana mabawa. Nani angewaunganisha na mdudu huyu bila kuwaona pamoja? Wanaoishi na siafu walikuwa na nafasi ya kuona kile ambacho Linnaeus hakuweza kukiona mezani kwake: madume wakitembea ndani ya msafara, wamezungukwa na vibarua. Ndiyo sababu nasisitiza wasomaji waniandikie mahali, saa na mazingira kabla ya kunitumia picha. Mara nyingine maelezo hayo yana thamani kuliko picha yenyewe.

Wapo wengine wa kupita nao haraka. Nyigu wa udongo, mwenye kiuno chembamba mno na miguu iliyoning'inia, anayejenga vijumba vya matope nyuma ya mlango au kwenye fremu ya picha, amefuata buibui: kila chumba cha udongo amekijaza buibui waliopoozwa kwa ajili ya mtoto wake. Anaishi peke yake, hana kundi la kulilinda, na ni nadra sana kumchoma mtu asiyemshika. Subiri chumba kitobolewe, mtoto atoke, kisha kibandue. Kumbikumbi wanaotoka ukutani, kwenye kizingiti au chini ya sakafu ya mbao ni habari tofauti kabisa na wale waliovutwa na taa kutoka nje, maana hao wa ukutani wanakuambia mchwa wamo ndani ya nyumba. Watofautishe na sisimizi wenye mabawa kwa kiuno na vipapasio: kumbikumbi kiuno chake kinene, vipapasio vimenyooka, mabawa manne yote yanalingana, sisimizi amebanwa kiunoni, vipapasio vimekunjwa kiwiko, na mabawa ya mbele yanayazidi ya nyuma.

Nataka kukaa zaidi na wanaofuata damu, kwa sababu hapa kosa la kumtambua mdudu linaweza kugharimu uhai.

Mtu anaamka asubuhi ana vipele, anawasha. Anageuza godoro, anakuta kitu kidogo bapa cha rangi ya kahawia. Mjini karibu kila mtu atasema kunguni, na mara nyingi atakuwa amepatia. Kunguni ana milimita tano hadi saba, miguu sita, na ukimtazama kutoka juu unakiona kichwa chake chenye macho na vipapasio. Anakaa karibu na mlalaji: kwenye mishono ya godoro, matundu ya misumari ya chaga, nyuma ya ubao wa kichwani. Anaacha alama za madoa meusi madogo, ambayo ni damu aliyoisaga. Anakosesha usingizi, anaaibisha, anatia watu gharama. Lakini katika mazingira ya kawaida ya nyumbani haijathibitishwa kwamba anaambukiza ugonjwa. Tiba yake ni maji yanayochemka, kuziba matundu, kufunga godoro kwa mfuko usiopenyeka, na kurudia kazi hiyo bila kukata tamaa. Dawa za kawaida za kupuliza amekwisha kuzizoea sehemu nyingi za dunia.

Katika nyumba za udongo, hasa za sakafu ya vumbi zenye nyufa, kitu kidogo cha kahawia kinachonyonya watu usiku kinaweza kuwa papasi. Huyu ana miguu minane. Ngozi yake ni ya kijivu au kahawia, ngumu, yenye mikunjo na vinundu vidogo, na ukimtazama kutoka juu huoni kichwa chochote, kwa maana mdomo umefichwa chini ya mwili. Akishanyonya anavimba akawa mviringo. Hajishikilii siku nzima mwilini kama kupe wa mbwa. Ananyonya kwa nusu saa hivi, anashuka, anarudi kwenye ufa wa ukuta au vumbi la sakafu karibu na kitanda. Mlalaji mara nyingi hahisi kitu. Anaweza kukaa miaka bila kula, kwa hiyo nyumba iliyohamwa muda mrefu inaweza kumngoja mpangaji mpya.

Papasi huyo, Ornithodoros moubata kwa jina la kitaalamu, ndiye anayeeneza homa ya papasi. Mwaka 1905 daktari Mwingereza Joseph Everett Dutton na mwenzake John Todd walionyesha jambo hilo wakiwa Kongo. Wote wawili waliambukizwa, na Dutton alifia huko mwezi Februari mwaka huo huo. Bakteria wa ugonjwa huu leo anaitwa Borrelia duttonii kwa kumbukumbu yake. Katika kipindi hicho hicho daktari Robert Koch, akifanya kazi katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, alikuta vijidudu hivyo ndani ya mayai ya papasi. Maana yake kwa mwenye nyumba ni nzito: papasi mchanga anaweza kuwa na maambukizi kabla hajamnyonya mtu yeyote.

Sasa fikiria mgonjwa. Ana homa kali, kichwa kinauma, viungo vinauma. Baada ya siku kadhaa homa inakoma ghafla, anaamini amepona, kisha baada ya wiki moja hivi inarudi. Kwetu kila homa huanza kwa kushukiwa malaria, na si vibaya. Lakini kipimo cha haraka cha malaria hakimwoni bakteria huyu hata kidogo. Anaonekana kwenye kioo cha damu chini ya hadubini, damu ikichukuliwa wakati homa imepanda, na mpimaji awe anajua anatafuta nini. Ugonjwa unatibika kwa antibayotiki za kawaida. Usipotambuliwa, ni hatari kwa watoto wadogo na kwa wajawazito, ambao wanaweza kupoteza mimba. Kwa hiyo mtu anayelala nyumba ya udongo, mwenye homa inayokuja na kuondoka na kipimo cha malaria kinachosema hana, anapaswa kumwambia mganga maneno haya: nyumbani kuna papasi. Na ili aseme kwa uhakika, anatakiwa awe amemtazama mdudu huyo na kuhesabu miguu. Watu wanaosema kunguni na papasi ni kitu kimoja huwa sikubaliani nao kwa nguvu zangu zote, na sitachoka.

Stoo ya nafaka nayo ina historia yake, na ni historia ya Tanzania. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wakulima wa Tabora walianza kuona mahindi yao yakigeuka unga kwa kasi ambayo hawajawahi kuiona. Fukusi walikuwa wakiwajua tangu zamani: mdudu mdogo mwenye pua ndefu, anayetoboa punje kwa utaratibu wake. Huyu mpya alikuwa na mwili wa mcheduara, nyuma umekatika wima, kichwa kimeinamishwa chini ya kifua hivi kwamba kutoka juu hakionekani. Alitoboa punje, gunzi, mbao za kihenge na hata vibuyu. Wakulima walimwita Scania, kwa jina la yale malori makubwa. Mwaka 1981 akatambuliwa rasmi kuwa Prostephanus truncatus, mkaazi wa Meksiko na Amerika ya Kati, ambaye hakuwa na historia yoyote katika ghala za Afrika. Leo anajulikana kwa jina la dumuzi, na amekwisha kuenea sehemu kubwa ya bara hili. Mahindi yaliyohifadhiwa na magunzi yake yalikuwa yakipoteza hadi theluthi moja ya uzito katika miezi michache.

Kwa nini kumtambua kulikuwa na maana kubwa kiasi hicho? Kwa sababu dawa iliyokuwa ikimuua fukusi, pirimifosi-methili, haikumweza dumuzi vizuri. Na permethrini iliyomweza dumuzi haikumweza fukusi sawasawa. Mkulima aliyesema hawa wote ni wadudu wa mahindi tu alinunua dawa sahihi kwa adui asiye sahihi, akaambulia vumbi. Ufumbuzi ulipatikana baada ya kuwatenganisha: mchanganyiko wa dawa zote mbili kwenye unga mmoja, pamoja na ushauri wa kupukuchua mahindi kabla ya kuyahifadhi, kwa kuwa dumuzi hustawi zaidi punje zikiwa bado zimeshikwa na gunzi. Siku hizi mifuko isiyopitisha hewa inafanya kazi dhidi ya wote wawili. Ukikuta kidudu ndani ya debe la unga mjini, mwekundu-kahawia, bapa, bila pua, huyo ni mwingine wa tatu, Tribolium, ambaye hawezi punje nzima na hula zilizokwisha kuvunjika na unga. Kwake dawa ya ghala haitakiwi kabisa. Unga wenye wadudu utupwe, debe lioshwe likauke juani, na unga mpya ununuliwe kidogo kidogo.

Namna ya kumhifadhi mdudu unayetaka atambuliwe ni rahisi. Mfunike kwa glasi, pitisha karatasi chini yake. Muweke kwenye jokofu kwa dakika kumi hivi, upande wa kawaida na si wa kugandisha, ili apunguze mbio, kisha mpige picha kutoka juu, kutoka ubavuni na usoni, pembeni ukiweka sarafu ili ukubwa ujulikane. Ukilazimika kumuua, mtumbukize kwenye kichupa cha spiriti. Andika kwa penseli kwenye kipande cha karatasi: mahali, tarehe, saa, na alikuwa juu ya nini. Programu za simu zinazotaja majina kutokana na picha zinasaidia, na mimi nazitumia, lakini picha nyingi zilizofunzwa kwazo ni za wadudu wa Ulaya na Marekani. Zikikupa kundi, kama vile mbawakawa au nyigu, ziamini kiasi. Zikikupa jina kamili la mdudu wa Kigoma au Lamu, tafuta mtu wa kukuhakikishia. Makumbusho ya Taifa ya Kenya jijini Nairobi yana hazina kubwa ya wadudu waliohifadhiwa, na Tanzania ipo Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu kwa wadudu wa mazao na ghala.

Ipo pia mipaka ambayo jicho la mwenye nyumba haliwezi kuivuka, na mbu ndiye anayetuonyesha. Kwa jicho unaweza kumjua Aedes kwa miguu yake yenye pete nyeupe na tabia yake ya kuuma mchana. Ndiye aliyeleta milipuko ya dengue Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019. Unaweza kumjua Anopheles, mbu wa malaria, kwa jinsi anavyotua akiinua nyuma, mwili umeinama kama unataka kusimama kwa kichwa, na viluwiluwi wake wanavyolala sambamba na uso wa maji, wakati wale wa Culex wananing'inia kichwa chini. Lakini Anopheles stephensi, mbu wa malaria kutoka Asia ya Kusini na Bara Arabu, kwa macho matupu hutofautiana kidogo mno na Anopheles tuliyemzoea. Tofauti yake kubwa iko kwenye anachofuata. Mbu wetu wa malaria hutaka madimbwi na mashamba ya mpunga. Huyu ameridhika kabisa na matangi, mapipa na visima vya mjini, na anazaliana hata wakati wa kiangazi.

Alionekana Djibouti mwaka 2012, nchi iliyokuwa karibu kuitokomeza malaria, yenye wagonjwa 27 tu walioandikishwa mwaka huo. Mwaka 2020 waliandikishwa zaidi ya 73,000, na mbu huyu anahesabiwa kuwa sababu kubwa. Ethiopia alitambuliwa mwaka 2016. Mwishoni mwa mwaka 2022 alinaswa Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Ili agunduliwe, anahitajika mtu wa kuchukua kiluwiluwi au mbu kutoka mahali ambapo Anopheles hatarajiwi, akampeleka maabara badala ya kumwaga maji.

Kwa hiyo ukipanda juu ya dari ya nyumba ya mjini kukagua tangi, ukaona viluwiluwi wamelala sambamba na uso wa maji, usianze kwa kuwatilia mafuta ya taa. Chota baadhi yao kwa kikombe pamoja na maji yao, weka kwenye chupa yenye kifuniko kilichotobolewa, andika mtaa na tarehe, umpelekee afisa afya wa kata yako au wa kaunti siku hiyo hiyo. Ukirudi, safisha tangi, lifunike kwa mfuniko usioacha upenyo, na kwenye bomba la kupumulia funga kipande cha wavu wa mbu.